Bomba Kavu, Zahanati Tupu: Kundi la Mtaa Lianze na Bajeti, Bunge la Kaunti, Barua, Barabara au Mahakama?

Katika Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, zahanati na bomba la maji vimewekwa kwenye orodha moja: kazi za serikali ya kaunti. Kifungu cha 43 nacho kinazitaja haki zote mbili kwa mkupuo, afya katika aya ya (a) na maji safi, salama na ya kutosha katika aya ya (d). Lakini mitaani utakuta kikundi cha akina mama kinachodai dawa za watoto na kikundi cha vijana kinachodai maji vikigonga mlango ule ule kwa siku tofauti, bila kujuana, na kila kimoja kikirudishwa na jibu moja: pesa hazipo.

Tunalinganisha hapa njia tano ambazo kundi la watu 10 hadi 50 linaweza kuzimudu: kuingia kwenye bajeti, kupeleka ombi bunge la kaunti, kuandika barua za kudai habari na za malalamiko, kuandamana, na kwenda mahakamani. Kila njia ina mlango wake na majira yake ya kufunguliwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani hasa anayetia sahihi jambo mnalolitaka, na huitia mwezi gani. Kundi lisilojua hilo huangukia njia yenye kelele zaidi na kuchoka kabla mwaka haujaisha.

Daftari kwanza

Njia zote tano hulishwa na ushahidi, na ushahidi huchukua miezi. Anzeni kuukusanya kabla hamjaamua mnakwenda wapi.

Kwa zahanati, chagueni dawa 8 hadi 10 ambazo haifai kuzikosa: paracetamol, amoxicillin ya watoto, pakiti za ORS na zinki, dawa ya malaria ya AL, oxytocin ya kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, dawa ya presha, dawa ya kisukari, sindano za uzazi wa mpango. Mtu mmoja apite kila Jumatatu na Alhamisi kwa wiki 12, aulize kwa heshima, aandike ipo au haipo. Hizo ni safari 24. Dawa iliyokosekana mara 9 imekosekana asilimia 37.5 ya siku mlizofika, na sentensi hiyo ina uzito kuliko kurasa tatu za "wananchi wanateseka". Msimwandame muuguzi. Mara nyingi yeye ndiye aliyeagiza boksi 10 akaletewa 4, na nakala ya oda yake ndiyo itakayowafaa baadaye. Msipige picha kadi za wagonjwa wala kuandika majina yao: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na kosa hilo moja linaweza kuwageuza nyinyi kuwa washtakiwa.

Kwa maji, vifaa ni jerikeni na saa ya simu. Jerikeni ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 80, bomba linatoa lita 0.25 kwa sekunde, yaani lita 900 kwa saa. Andikeni siku na saa maji yalipofika na yalipokatika. Bei nayo ihesabiwe kwa mita ya ujazo, kwa sababu ndivyo kampuni ya maji inavyohesabu: jerikeni 50 ni mita moja. Anayenunua kwa shilingi 5 analipa 250 kwa mita. Anayenunua kwa 20 kutoka kwa mkokoteni wakati wa kiangazi analipa 1,000. Wekeni takwimu hiyo kando ya bei iliyoidhinishwa kwa nyumba yenye mita ya kupimia maji. Hakuna hoja nyepesi kueleweka kuliko hiyo.

Kama tatizo ni ubora wa maji, sampuli haichotwi kwa chupa ya soda. Ombeni chupa iliyotakaswa kutoka maabara yenyewe. Futeni mdomo wa bomba, acheni maji yatiririke dakika 2 au 3, kingeni bila kuisuuza chupa na bila kugusa ndani ya kifuniko, acheni nafasi kidogo juu, kisha iwekwe kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6. Ikishindikana kabisa, isizidi 24. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na bakteria wa E. coli hata mmoja katika mililita 100. Katika Bonde la Ufa pimeni floraidi pia. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Andikeni nani alichota, saa ngapi, nani alibeba na nani alipokea. Mlolongo huo ukikatika, wakili wa upande wa pili hahitaji kubishana na maabara. Atauliza tu chupa ilikuwa wapi usiku ule.

Kwa mtazamo mmoja

| Njia | Muda | Nguvu yake | Hukwama wapi |
|---|---|---|---|
| Bajeti | Agosti hadi Juni | Pesa zenye fungu na jina la mradi | Kufika mwezi ambao viwango vimeshafungwa |
| Ombi bunge la kaunti | Miezi kadhaa | Maafisa kuitwa na kuhojiwa hadharani | Azimio halimlazimishi gavana |
| Barua | Siku 21 kwa habari | Nyaraka. Amri ya mdhibiti | Kuandikia ofisi isiyohusika |
| Maandamano | Notisi ya siku 3 hadi 14 | Kuvunja ukimya haraka | Hakuna karatasi ya kushika baadaye |
| Mahakama | Amri ya muda kwa siku au wiki. Hukumu kwa miaka | Amri yenye nguvu ya sheria | Utekelezaji |

Bajeti: njia ya kuchosha, lakini ndiyo inayolipa

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mlolongo wake umo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Kufikia 1 Septemba kaunti huwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao maafisa huuita ADP. Kufikia 28 Februari huja mkakati wa fedha wa kaunti, CFSP, unaopanga kila idara ipate kiasi gani. Bunge la kaunti lina siku 14 za kuupitisha. Makadirio yenyewe huwasilishwa kufikia 30 Aprili na hupitishwa kabla ya 30 Juni.

Ukienda kwenye vikao vya maoni utaona jambo la ajabu: ukumbi wa Mei na Juni hujaa hadi watu wakasimama nje, wa Februari una viti vitupu. Ilipaswa kuwa kinyume. Kwa kanuni za 2015 za fedha za kaunti, bunge likiyabadilisha makadirio haliwezi kuongeza wala kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango kilichowekwa. Idara ya maji ikiwa imepangiwa milioni 300, nafasi iliyobaki ni milioni 3. Kundi linaloingia Juni likidai mradi wa milioni 12 juu ya fungu lililopo linaomba kitu ambacho mwakilishi wa wadi hawezi kuwapa hata akitaka, naye atawaahidi kwa sababu ahadi haina gharama.

Hata hivyo Juni haijafungwa kabisa. Kikomo cha asilimia 1 kinahusu jumla ya fungu. Ndani ya fungu lile lile miradi inaweza kubadilishana pesa. Kwa hiyo ombi la Juni liandikwe hivi: "hamisha milioni 4 kutoka ukuta wa ofisi ya idara, ukurasa huu, kwenda bomba la kilomita 3 la kijiji fulani." Ombi la Februari ndilo la kuongeza fungu lenyewe. Na la Agosti ni la kuuingiza mradi kwenye ADP, kwa sababu mradi usiokuwemo humo utakataliwa baadaye kwa kisingizio hicho hicho.

Waraka wa maoni usizidi kurasa mbili. Uwe na jina la zahanati au kijiji na wadi, kinachotakiwa kwa idadi, gharama na mlikoipata, ukurasa na namba ya fungu katika kitabu cha makadirio, na pesa zitoke wapi. Hicho cha mwisho wengi hukiacha. Kamati hupokea mamia ya maombi ya kuongeza na karibu hakuna la kupunguza. Lenye pande zote mbili husomwa. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa irudi kwenu.

Kinachoharibika mara nyingi ni kudai jengo. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kanuni zinaibana mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Ongeza hapo mapenzi ya wanasiasa kwa utepe na mkasi. Matokeo ni zahanati zilizopakwa rangi na kufungwa kufuli kwa kukosa muuguzi, na visima vyenye pampu isiyo na wa kulipa stima. Mkidai zahanati, dai moja liwe na sehemu tatu: jengo, wauguzi, na dawa za mwaka mzima. Mkidai kisima, semeni mapema nani atakuwa mwendeshaji, umeme au sola italipwa na nani, na bei ya jerikeni itakuwa ngapi. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Maji ya 2016 kinaipa kaunti wajibu wa kupeleka huduma vijijini hata pale ambapo biashara ya maji hailipi, kwa hiyo jibu la "eneo lenu halina faida" halitoshi.

Kwa upande wa afya kuna mlango mwingine ambao wachache huugonga. Sheria ya 2023 ya kuboresha ufadhili wa vituo vya afya inasema pesa zinazokusanywa hospitalini na zahanatini zibaki hapo hapo zitumike kwa huduma. Zamani zilipanda hadi mfuko mkuu wa kaunti na nyingine hazikuonekana tena zikishuka. Ombeni kamati ya kituo chenu iwasomee mapato na matumizi ya kila robo mwaka. Kikao hicho cha saa mbili chini ya mwembe wa zahanati kinaweza kufichua mengi kuliko mwaka wa barua kwa waziri wa afya wa kaunti.

Kwamba kaunti yenyewe inaweza kuamua, Makueni ilionyesha: mwaka 2016 ilianzisha mpango ambao familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti bila kutozwa tena, na mwaka 2015 ilikuwa imepitisha sheria ya kudhibiti uchimbaji wa mchanga, kwa sababu mto wa msimu ukishachotwa mchanga wake hauhifadhi tena maji. Dawa na maji, kaunti moja, bunge moja.

Ombi bunge la kaunti

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi, ambalo wengi hulijua kwa jina la petisheni, kuhusu jambo lolote lililo mikononi mwa bunge la kaunti. Namna ya kuliandika imo katika kanuni za kudumu za bunge husika, na nyingi hufuata sura ya sheria ya maombi ya Bunge la Kitaifa: liwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lielekezwe kwa karani, lugha iwe ya heshima, lisiwe na maneno yaliyofutwa na kuandikwa juu, lieleze hatua zilizokwisha kuchukuliwa na jibu lililopatikana, liseme kama shauri liko mahakamani, limalizike kwa jambo mnaloomba bunge lifanye, kisha majina, anwani, namba za vitambulisho na sahihi. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole.

Maombi mengi hufia kwa karani, kabla hayajasomwa na yeyote. Sababu za kawaida ni tatu: karatasi za sahihi zimetengwa na maandishi ya ombi, hivyo haijulikani watu walitia sahihi nini (kila ukurasa wa sahihi ubebe kichwa cha ombi), jambo si la kaunti, au mmeomba bunge "liingilie kati" bila kusema lifanye nini. Andikeni: bunge limwite mtendaji wa afya aeleze, kwa nyaraka, oda za dawa za zahanati hii kuanzia Januari hadi Juni.

Hapo ndipo nguvu ya njia hii ilipo. Kifungu cha 195 cha Katiba kinaipa kamati ya bunge la kaunti uwezo wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu na kumtaka alete nyaraka. Mhandisi wa maji ambaye hajawahi kupokea simu zenu atakaa mbele ya maikrofoni na kuapa. Azimio litakalofuata linaweza kukaa kwenye droo, kwa sababu halimfungi gavana, lakini maneno aliyoyasema chini ya kiapo yamo kwenye kumbukumbu rasmi nanyi mnaweza kuyatumia popote.

Angalizo la mpangilio: jambo likishakuwa mahakamani, bunge huliweka kando. Kundi linalokimbilia mahakama Jumatatu na kupeleka ombi Ijumaa limejifungia mlango lenyewe.

Barua: ndogo, rahisi, na hudharauliwa bure

Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, raia huandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza kwa afisa wa habari wa taasisi, na hapaswi kuulizwa anazitakia nini. Jibu litoke ndani ya siku 21. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Kuomba hakulipiwi, ila gharama ya kutoa nakala inaweza kutozwa. Wakinyamaza au wakikataa, mna siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman.

Msiandike "tunaomba habari zote kuhusu maji". Ombeni hati kwa jina: mkataba wa mkandarasi wa bomba, cheti cha malipo ya mwisho, ratiba ya mgao wa maji kwa mtaa wenu, oda za dawa za miezi sita.

Malalamiko nayo yaende kwa mwenye nayo. Maji ya bomba, bei na mgao: kwanza kampuni ya maji kwa maandishi mkapate namba ya malalamiko, kisha WASREB, mdhibiti wa huduma za maji. Mto, kisima kirefu, anayevuta maji juu yenu bila kibali: Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Uchafuzi: NEMA, mamlaka ya mazingira. Daktari au hospitali kumtendea mgonjwa vibaya: baraza la madaktari, KMPDC. Barua ya mto ikipelekwa WASREB itazunguka hadi mwezi uishe.

Na kampuni ya maji ikitaka kupandisha bei, lazima maoni ya umma yachukuliwe kabla mdhibiti hajaidhinisha. Hapo daftari la mgao lina thamani kubwa: pingeni ongezeko, au likubalini kwa sharti la saa kadhaa za maji kwa wiki, liandikwe.

Maandamano

Kifungu cha 37 kinaruhusu kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha ombi kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi, isiyopungua siku 3 na isiyozidi siku 14 kabla, ikitaja jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, mahali, njia mtakayopita, na saa, ambazo ni kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Hiyo ni taarifa. Hamwombi ruhusa, na mkuu wa kituo anaweza kuwaambia haiwezekani kwa sababu tu kuna mkutano mwingine uliotangulia kutoa taarifa ya mahali na saa hiyo hiyo. Toeni nakala mbili, moja igongwe mhuri au iandikwe namba ya OB. Wakikataa kupokea, andikeni jina la afisa na saa, na tumeni nakala kwa njia nyingine yenye ushahidi.

Yanafaa lini? Pale mlango upo ila umefungwa kwa makusudi: jibu la siku 21 limepita, karani amekalia ombi, maji hayajatoka wiki 5 na malori ya maji yanauza mbele ya macho yenu. Jerikeni tupu 200 zilizopangwa mbele ya ofisi ya kampuni saa 3 asubuhi zinasema kitu ambacho barua haisemi. Kwa dawa, maandamano mbele ya zahanati yenyewe ni kosa. Wagonjwa watakosa pa kupita, na aliyeshindwa kuleta dawa hayuko hapo. Nendeni makao makuu ya kaunti.

Mnapoandamana muwe na karatasi moja yenye madai yasiyozidi 4 na tarehe, na mumtake atakayeipokea atie sahihi mbele ya watu. Ahadi ya kipaza sauti hupotea na vumbi. Pangeni wasimamizi wenye fulana za rangi moja, mmoja kwa kila watu 20 hivi, mjue wakili wa kupigiwa simu, na wazee na wajawazito wasiwe mstari wa mbele. Hatari ya kweli, hasa kwa maji, ni watu waliokodiwa na wauzaji wenye maslahi kuanzisha fujo ndani ya msafara wenu. Vituo vya haki za jamii, kama vile vya Mathare na Dandora jijini Nairobi, vina uzoefu wa miaka wa kuandika matukio ya polisi. Zungumzeni na kilicho karibu nanyi kabla ya siku yenyewe.

Mahakama

Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa niaba ya wengine au kwa maslahi ya umma, bila kundi kusajiliwa, na kinasema hakuna ada ya kufungua shauri la haki. Katika haki ya mazingira safi, kifungu cha 70 hakidai hata uonyeshe kwamba wewe binafsi umeumia. Haya ni mepesi kuliko wengi wanavyodhani. Uzito uko kwenye muda.

Owino Uhuru, Mombasa, ni kipimo kizuri. Wakazi walioathiriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu walifungua shauri mwaka 2016, wakiongozwa na Phyllis Omido na shirika lake la CJGEA. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 Julai 2020. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miaka 8. Kundi lisilo na mtu wa kubeba faili kwa miaka 8 lisianze, au lianze likiwa na shirika la kulishika mkono.

Kwa upande wa afya, Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni hospitalini mwaka 2013 alipwe shilingi milioni 2.5. Ni ushindi wa mtu mmoja, lakini uliyageuza maneno ya kifungu cha 43 kuwa deni. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii nayo inaonyesha upande wa pili wa sarafu: Mahakama Kuu iliitangaza kinyume cha Katiba tarehe 12 Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo Septemba, na SHA, mamlaka ya bima hiyo, ikaanza kazi 1 Oktoba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Serikali itajitetea kwa kukosa pesa. Kifungu cha 20(5) kinaiweka juu yake kazi ya kuthibitisha kwamba hazipo, na hapo vitabu vyenu vya bajeti vinageuka silaha: aliyejenga ukuta wa ofisi mwaka ule ule atapata taabu kuapa kwamba hakuwa na pesa za oxytocin. Msiombe tamko tupu. Ombeni kitu kinachopimika, kwa mfano saa 24 za maji kwa wiki kwa mtaa huu kuanzia tarehe fulani, na muiombe mahakama ibaki na faili ikipokea ripoti ya utekelezaji kila miezi 3. Mahakama ya Juu ilikubali aina hiyo ya amri katika shauri la Mitu-Bell Januari 2021.

Jambo ambalo mawakili husahau kuwaeleza wateja: mali ya kaunti haipigwi mnada. Sheria ya Kesi za Serikali hairuhusu madalali kuchukua magari ya gavana. Mkishinda fedha, mtachukua cheti cha amri, mtamdai afisa mhusika, kisha mtarudi kuomba amri ya kumlazimisha alipe, naye asipotii ndipo mtamshtaki kwa kudharau mahakama. Hesabuni hatua hizo kabla ya kuahidi watu fidia.

Kwa miradi inayotishia maji, Jopo la Mazingira la Kitaifa, lile linaloitwa NET, lina kasi zaidi kidogo kuliko mahakama za kawaida, lakini rufaa dhidi ya leseni ifunguliwe ndani ya siku 60. Save Lamu na wakazi walitumia mlango huo, na 26 Juni 2019 leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ikafutwa kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Siku ya 61 ni mazungumzo mengine.

Tatizo lenu ni lipi?

Dawa hukosekana zahanatini: daftari la wiki 12, barua ya habari kuomba oda, kisha ombi bungeni. Mahakama isubiri.

Mnatozwa pesa zahanatini ilhali mmejisajili SHA: huduma za zahanati na kituo cha afya hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi unaotokana na kodi, hata kwa asiyelipa mchango. Dai risiti, andikia kituo na SHA. Lakini kama mnapinga mchango wenyewe, asilimia 2.75 ya mshahara na usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, au sharti la asiye na ajira rasmi kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, mwakilishi wa wadi hana uwezo. Ni sheria ya taifa. Ombi liende Bunge la Kitaifa au Seneti kwa kifungu cha 119.

Bomba limekauka na malori yanauza: barua kwa kampuni na WASREB wiki ya kwanza, notisi ya maandamano wiki ya sita, na huku waraka wa bajeti ukiandaliwa.

Shamba kubwa juu ya mto linavuta maji yote: anzeni na chama cha watumiaji maji cha mto huo, WRUA. Katika mito inayoshuka Mlima Kenya kuelekea Ewaso Ng'iro, vyama hivi hugawa zamu za kuvuta maji wakati wa kiangazi, na jirani aliyekubali zamu kikaoni ni rahisi kumfuatilia kuliko mshtakiwa mwenye mawakili wanne. Akikataa, ulizeni WRA kibali chake kinaruhusu kiasi gani kwa siku.

Sumu imeingia majini: ruka foleni. Sampuli leo, NEMA kesho, na ombi la amri ya kuzuia kwa muda mahakamani ndani ya wiki.

Kwa mengine yote, tazameni kalenda. Ikiwa ni Januari, acheni kila kitu muandike waraka wa CFSP. Ikiwa ni Mei, tafuteni cha kuhamisha ndani ya fungu. Ikiwa ni Julai, bajeti mpya imeshafungwa na ADP bado inaandikwa. Kanunueni daftari, Alhamisi mpite zahanatini.